Bila Gluteni kwa Mfuko Mdogo: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Rafuni

Ukishaambiwa na daktari kwamba una seliaki, kesho yake asubuhi bado utataka chai, na pembeni ya chai hiyo hapakai tena mkate, chapati wala andazi la ngano. Wengi hukimbilia supamaketi kubwa, kwenye rafu ya vyakula maalumu, wakatoka na vipakiti vinne vilivyomeza matumizi ya wiki mbili. Usianzie huko. Sehemu kubwa ya chakula salama kwako inauzwa gengeni kwa bei ya kila mtu. Pesa ya ziada ina mahali pake, ila ni pachache.

Kama bado hujapimwa, anza na kipimo na endelea kula ngano mpaka kipimo kiishe. Hili ndilo linalowagharimu watu mara mbili. Kipimo cha damu hutafuta chembe za kinga ambazo mwili huzitengeneza gluteni inapoingia. Ukiacha ngano wiki kadhaa kabla ya kupimwa, chembe hizo hupungua, majibu yanatoka safi, na wewe unarudi nyumbani ukiwa mgonjwa vilevile huku umeshalipa. Baada ya damu, kwa kawaida daktari huchukua vipande vidogo vya utumbo kwa kamera inayopitishwa kinywani. Uliza bei ya vipimo vyote viwili kwa pamoja, na uulize bima yako kabla ya kupanga siku.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake mwenyewe inaharibu utando wa utumbo mwembamba, na utumbo ulioharibika haufyonzi chuma wala vitamini inavyotakiwa. Ndiyo maana wengine wanakunywa vidonge vya damu miezi na miezi bila nafuu. Duniani inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 100. Kwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, uwezekano unapanda hadi karibu 1 kati ya 10, kwa hiyo nao wakapimwe. Tiba ni moja: kuacha gluteni maisha yote.

Sasa lebo. Tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, Codex Alimentarius, inaruhusu maneno "gluten free" kwenye chakula chenye gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Marekani inasimamia kiwango hicho tangu Agosti 2014, na Umoja wa Ulaya una kanuni yake ya kiwango hichohicho iliyoanza kutumika Julai 2016. Miligramu 20 hazikubuniwa hewani. Uchunguzi wa madaktari wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa miezi mitatu, zinatosha kuumiza utumbo. Ukila nusu kilo nzima ya chakula chenye miligramu 20 kwa kilo, umeingiza miligramu 10 tu.

Linganisha na jikoni kwako. Chapati moja ya gramu 60 za unga wa ngano ina gluteni ya gramu nne au zaidi, yaani miligramu 4,000 na ushee. Kijivumbi cha ngano kilichobaki kwenye kibao cha kusukumia, hata kama ni sehemu ya kumi ya gramu, kinatosha kukufikisha karibu na miligramu 10. Ukilijua hilo, utaona mwenyewe wapi pa kutumia pesa na wapi pa kubana.

Kwenye pakiti soma mambo matatu. La kwanza ni nembo. Suke la nafaka lililokatwa kwa mstari, linalosimamiwa na vyama vya wagonjwa wa seliaki vya Ulaya, maana yake mtengenezaji anakaguliwa na bidhaa inapimwa isizidi miligramu 20. Nembo ya GFCO ya Marekani inashusha kikomo hadi 10. Zote mbili zinaaminika, na kwa fedha zako tofauti ya 10 na 20 haistahili kulipiwa zaidi. Maneno "gluten free" bila nembo yoyote yana uzito wa sheria ya nchi yalikoandikwa na usimamizi wake, basi.

La pili ni orodha ya viambato. Wheat, barley, rye, semolina, malt: ukiona moja, rudisha pakiti. Zingatia kimea, yaani malt, maana hutoka kwenye shayiri na hujificha kwenye vinywaji vya unga vya chokoleti, nafaka za kifungua kinywa na peremende. "Wheat free" si ruhusa; bidhaa isiyo na ngano inaweza kujaa shayiri. Na maneno "very low gluten" kwenye pakiti ya Ulaya yanaruhusu hadi miligramu 100 kwa kilo. Hayo si yako.

La tatu ni nchi pakiti ilikotoka, hasa ikiletwa na ndugu kutoka nje. Sheria ya Marekani ya mzio ya mwaka 2004 inamlazimisha mtengenezaji kutaja ngano, lakini haimlazimishi kutaja shayiri wala rai kama vizio. Kwa hiyo shangazi akikuletea kopo kutoka Houston lisilotaja ngano na lisilo na neno "gluten free", usilichukulie kuwa salama. Pakiti za Uingereza na Umoja wa Ulaya ni rahisi zaidi kusoma, kwa sababu nafaka zenye gluteni lazima zitajwe kwa jina na zikolezwe ndani ya orodha.

Kuna lebo nyingine ambayo haina thamani hata kidogo: "bila gluteni" iliyobandikwa kwenye mchele, chumvi, maji, asali au mafuta ya kupikia, kisha bei ikapandishwa. Vitu hivyo havina gluteni tangu viumbwe. Ukilipia maneno hayo umelipia wino.

Tuje kwenye chakula chenyewe, tukianza na cha bei nafuu. Ndizi za kupika, viazi vitamu, viazi mviringo, magimbi na muhogo mbichi havina gluteni na havihitaji lebo. Unavimenya mwenyewe, kwa hiyo hakuna kiwanda kilichovichanganya na kitu. Vinapatikana kila soko. Kasoro yake ni uzito wa kubeba na kuoza mapema, muhogo ukiongoza, maana ukishang'olewa hukaa siku mbili tatu tu. Nunua vya siku chache, ukiwa na watoto shuleni wafungashie viazi vitamu vilivyochemshwa.

Mchele ndio msingi. Unakaa miezi, unaonekana kwa macho, unapembuliwa na kuoshwa. Nunua punje nzima badala ya unga wa mchele uliosagwa tayari, kisha saga nyumbani. Ukiloweka mchele na kuusaga kwa blenda pamoja na tui, una vitumbua na mkate wa kumimina, na chai ya asubuhi imepata mwenzake kwa gharama ndogo sana. Vitumbua vya barabarani ni hadithi nyingine. Wauzaji wengine huongeza unga wa ngano vishikane vizuri, na huwezi kujua kwa kutazama.

Ukija kwenye unga, hatari kubwa kuliko zote iko mashineni. Mahindi, mtama, ulezi na uwele havina gluteni, lakini mashine inayosaga nafaka zote huacha mabaki. Fanya hesabu: gramu 10 tu za ngano zikiingia kwenye kilo ya unga wako wa ulezi, zinaleta karibu miligramu 900 za gluteni. Hiyo ni zaidi ya mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa, na gramu 10 ni kijiko kimoja cha chakula. Unga utakuwa wa rangi ileile na ladha ileile.

Una njia nne, na bei zake hazilingani. Ya kwanza ni mashine ya mtaani inayosaga mahindi peke yake. Zipo nyingi, na bei ya kusaga ni ileile, kwa hiyo hii ndiyo ya kuitafuta kwanza. Muulize mwenye mashine bila haya: "Kaka, hapa mnasaga na ngano au lishe?" Akisema lishe, asante, nenda nyingine. Ya pili ni kuwahi asubuhi kwenye mashine inayosaga kila kitu, ukaanza na kilo mbili za mahindi ya kusafishia njia, na unga wake ukampa jirani anayekula ngano. Kilo hizo mbili ziandike kwenye gharama. Ndizo ada ya siri ya unga wa bei rahisi. Njia hii inapunguza hatari bila kuimaliza, nami naipendekeza tu pale ambapo ya kwanza haipo kabisa. Ya tatu ni watu kadhaa kuchanga mashine ndogo ya nyumbani. Ni ghali siku ya kununua, lakini mkiwa familia tatu nne zenye mgonjwa, au mna chama chenu, inajilipa. Ya nne ni unga wa pakiti wa kiwandani. Viwanda vingi vikubwa Afrika Mashariki vinasindika mahindi na ngano, hivyo piga namba iliyo nyuma ya pakiti uulize kama mitambo imetenganishwa. Wakijibu moja kwa moja, vizuri. Wakizungukazunguka, chukua chapa nyingine.

Kabla ya mashine kuna kupembua. Ulezi ni rahisi: punje yake ni ndogo kuliko ya ngano, kwa hiyo chekeche yenye matundu ya kufaa hupitisha ulezi na kuzuia ngano. Mtama una punje zinazokaribia ngano kwa ukubwa; huo unataka sinia, mwanga wa mchana na macho ya watu wawili. Osha, anika hadi nafaka ikauke kweli, ndipo upeleke kusaga.

Kuhusu unga wa lishe uliochanganywa tayari, ushauri wangu ni mfupi: uache. Watengenezaji wengi hutia ngano, na hata wasipotia, nafaka tano au sita zilizopita mashine moja ni mianya mitano au sita. Mama mwenye mtoto mgonjwa atengeneze wake kwa ulezi, mchele, soya na karanga alizopembua mwenyewe. Utamgharimu muda zaidi ya pesa.

Usiegemee mahindi peke yake, hata kama ndiyo rahisi. Bei yake hupanda ghafla. Wakenya wanakumbuka Julai 2022, serikali ilipolazimika kutoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili ishuke hadi shilingi 100 kutoka zaidi ya 200. Kubwa kuliko bei ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizokauka vibaya. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Asiyekula ngano hula mahindi mengi kuliko wenzake, basi abadilishe: leo ugali wa mahindi, kesho wa mtama, keshokutwa wali. Unga wa muhogo nao ni mzuri na haupitwi kwa kukaa, ila hakikisha makopa yalilowekwa na kukaushwa ipasavyo, kwa sababu muhogo mchungu usioandaliwa una sumu.

Rafu ya vyakula maalumu ina kazi yake. Unga mchanganyiko wa kuokea wenye nembo unafaa kwa keki ya siku ya kuzaliwa, sikukuu, au mtoto anayelia kila akiona wenzake na maandazi. Kabla hujalipa, geuza bei iwe ya kilo moja. Tuseme pakiti ya gramu 500 ni shilingi 12,000 za Tanzania. Kilo yako ni 24,000. Iweke karibu na bei ya kilo ya mchele mtaani kwako uone pengo. Halafu ongeza yasiyoandikwa kwenye pakiti: unga huu hauna kinachoushikamanisha, kwa hiyo mapishi mengi yanadai mayai zaidi na mafuta zaidi, na mkate wa kwanza huwa haukubali. Nunua pakiti ndogo, na ukiifungua ihamishie kwenye chombo chenye kifuniko.

Mkate uliokatwa tayari kutoka nje haustahili pesa yako. Hata Uingereza kwenyewe, ambako unaokwa, chama cha wagonjwa cha Coeliac UK kimeonyesha kwamba mkate usio na gluteni unauzwa zaidi ya mara 4 ya ule wa kawaida kwa uzito uleule. Marekani, watafiti walikuta mwaka 2019 kwamba bidhaa hizi zina bei ya juu kwa asilimia 183 kuliko za kawaida. Ongeza meli, ushuru na friji ya dukani, ndipo unafika mikononi mwako ukiwa vipande vidogo vinavyokauka siku ya pili. Biskuti nazo ni hivyohivyo: wanga na sukari kwa bei ya nyama. Bidhaa nyingi za aina hii hazijaongezwa chuma wala vitamini, vitu ambavyo utumbo wako ndivyo unavyovidai.

Mbili za rafuni ninazozikubali ni tambi za mchele, ambazo bei yake huvumilika na hukaa muda mrefu kabatini, na oti zenye nembo. Oti za kawaida ziache kabisa, maana hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano na shayiri. Zenye nembo nazo zianze kwa kidogo na kwa idhini ya daktari, kwa sababu wagonjwa wachache hawazivumilii.

Vitu vidogo vya jikoni ndivyo vinavyowaponza waliojitahidi kwenye vikubwa. Sosi ya soya kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano. Soseji na mipira ya nyama hujazwa unga. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vidonge vya supu vinaweza kuwa na unga wa ngano. Mvuje wa kopo mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Unga wa dengu wa bajia nao huongezwa ngano ili ushuke bei. Dawa yake ni rahisi na inapunguza matumizi: nunua bizari, binzari nyembamba, pilipili manga na hiliki nzima, utwange kwenye kinu chako.

Vyombo navyo vina gharama, ila si lazima ununue jiko zima upya. Vya kuwa navyo peke yako ni mwiko wa mbao, chungio, chekeche, kibao cha kusukumia na kikaango cha chapati. Hivyo hushika unga kwenye nyufa na matundu na havisafishiki vya kutosha. Sufuria za aluminiamu, sahani, vijiko vya chuma na bilauri vinatosha kuoshwa vizuri kwa sabuni. Vyako vifunge kitambaa chekundu mpini, hata mgeni anayesaidia kupika ajue. Na siku ya kupika chapati za wengine, chakula chako kipikwe kwanza na kufunikwa, kwa sababu vumbi la unga wa ngano hutua kila mahali.

Nje ya nyumbani, angalia mafuta. Chipsi ni viazi, lakini zikikaangwa kwenye mafuta yaliyotoa sambusa na maandazi si salama tena. Muulize mwenyewe mpishi kwa adabu: "Mama, samahani, mafuta haya yamekaangia vitu vya ngano?" Nyama choma iliyotiwa chumvi na ndimu tu ni chaguo zuri, ile iliyolala kwenye rojo la sosi usiiguse. Maharage na mchuzi wa mama lishe ulizia kama vimekolezwa unga. Bia ya kawaida ni shayiri, na zile zinazotangazwa kuwa za mtama zinaweza kuwa na kimea cha shayiri pia, kwa hiyo soma chupa.

Mwezi wa Ramadhani pwani unataka uangalifu wa peke yake. Uji wa shayiri, boko boko, kaimati na tambi za ngano zote ni gluteni. Futari yako itoke upande mwingine wa sinia: muhogo wa nazi, ndizi za nazi, magimbi, uji wa mchele au wa mtama, mkate wa kumimina uliotengenezwa kwa mchele mtupu. Ukialikwa, mwambie mwenyeji mapema na uende na bakuli lako. Kwa Wakatoliki, barua ya Vatikani ya mwaka 2017 inakubali hostia zenye gluteni kidogo sana, huku zisizo nayo kabisa zikikataliwa. Asiyeziweza hata hizo anaweza kukomunika kwa divai peke yake, lakini aombe kikombe ambacho hakijatiwa kipande cha hostia. Zungumza na paroko kabla ya Jumapili.

Fedha moja usiyopaswa kuibana kamwe ni ya kipimo cha marudio. Rudi kupima damu baada ya miezi sita hivi, na baadaye kila mwaka. Chembe za kinga zikiwa zinashuka, ni dalili kwamba chakula chako ni safi, hata kama hujawahi kununua pakiti moja ya nje. Zisiposhuka, kabla hujatumia senti kwenye rafu ya vyakula maalumu, badilisha kwanza mashine unayosagia.